Msiruke hatua ya sita: niliyosema kwenye semina ya viongozi wa jumuiya

Baada ya semina watu wengi walinifuata wakasema mama hayo maneno yaandike maana tulikuwa mbali na spika zilikuwa zinakata, basi nimeyaandika karibu vilevile nilivyosema, na pale nilipokatishwa na muda nimeongezea kidogo. Jumuiya ninazozisema ni zile jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki, majirani wanaosali pamoja majumbani, na hatua ya sita ni ile ya kushirikishana Injili ambapo tunajiuliza Bwana anatutaka tufanye nini wiki hii.

Tumsifu Yesu Kristo! Milele amina.

Padre paroko, mwenyekiti wa kanda, wenyeviti na makatibu wa jumuiya, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunipa nafasi. Sitazunguka sana. Nina swali moja na naomba kila mwenyekiti alijibu moyoni kwanza kabla sijaendelea. Kwenye jumuiya yako wiki iliyopita, nani hakuja, na unajua kwanini hakuja? Idadi najua katibu anayo kwenye daftari, mimi nauliza jina. Na kama jina unalo, je kuna mtu alikwenda kugonga mlango?

Nauliza hivyo kwasababu ukisoma habari za Wakristo wa mwanzo utakuta hilo swali walikuwa nalo. Mwaka 155 hivi kule Roma Mtakatifu Yustino Mfiadini alimwandikia Kaisari Antonino Pio kuwatetea Wakristo, maana walikuwa wanasingiziwa mambo machafu mengi, ikabidi aeleze wazi kwamba sisi Jumapili tunafanya hivi na hivi. Anasema watu wa mjini na wa mashambani wanakusanyika sehemu moja, yanasomwa maandiko ya mitume na manabii kadiri muda unavyoruhusu, anayeongoza anawahubiria, wote wanasimama wanasali, unaletwa mkate na divai na maji, wanashiriki, na halafu anasema kitu ambacho mimi kila nikikisoma kinanigusa, kwamba wale ambao hawakuwepo wanapelekewa na mashemasi. Mnasikia? Misa imekwisha lakini kuna mtu hayupo, na kazi inaendelea mpaka yule afikiwe. Kisha anasema wenye uwezo wanatoa kila mtu kwa hiari yake, sadaka inawekwa kwa kiongozi, naye anawasaidia yatima na wajane na wagonjwa na waliofungwa na wageni waliopita. Sasa angalieni, sadaka na Ekaristi vyote viwili vinatoka nje ya ule mkusanyiko vinamtafuta mtu ambaye hana nguvu ya kuja mwenyewe.

Huo ndio ushirika ninaotaka tuuzungumze leo. Kukaa pamoja ni kuzuri, kuimba pamoja ni kuzuri, sare zetu za kitenge zinapendeza, lakini mimi nasema jumuiya utaijua ni hai au imekufa kwa kuangalia inavyomtendea yule ambaye hayupo.

Hizi jumuiya ndogondogo tulizonazo hazikushuka tu kutoka juu kama tangazo la ofisini. Wenzetu wa Congo maaskofu wao walishaanza kuzungumzia jumuiya hai mwaka 1961. Huku kwetu maaskofu wa Afrika Mashariki, wale wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakajiuliza Kanisa letu la miaka ya 80 litakuwaje, wakaona maisha ya Kanisa lazima yasimame kwenye jumuiya ndogo ambazo watu wanajuana na wanaishi karibu. Mwaka 1976 wakakutana tena wakalifanya ndio jambo la kwanza la kichungaji. Kwa hapa Tanzania wazee watakumbuka Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, askofu mzima alikwenda kuishi na watu kwenye kijiji cha ujamaa, akashika jembe nao, maana aliamini Utatu Mtakatifu ni maisha ya kushirikishana na sisi tumeitwa kuyaiga hapa hapa duniani na sio kuyakariri tu kwenye katekisimu. Halafu ikaja Sinodi ya Afrika, ule mkutano mkubwa wa maaskofu, mwaka 1994, na mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo wa Pili akaja Yaoundé Cameroon kutia sahihi ule waraka wake kuhusu Kanisa la Afrika, Kanisa kama Familia ya Mungu. Familia! Na familia mtoto asiporudi jioni hakuna anayelala.

Sasa nije kwenye hatua ya sita.

Mnajua ile njia ya kushirikishana Injili ya hatua saba ambayo tunaitumia kwenye jumuiya, ilitoka Afrika Kusini, kwenye taasisi ya Lumko, walioitengeneza ni mapadre wawili, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer. Hatua ya kwanza tunamwalika Bwana kwa sala. Ya pili tunasoma Injili. Ya tatu kila mtu anarudia neno au mstari uliomgusa. Ya nne tunakaa kimya. Ya tano tunashirikishana kilichotugusa. Ya sita tunajiuliza Bwana anatutaka sisi kama jumuiya tufanye nini wiki hii, nani aende wapi, lini. Ya saba tunasali sala za kila mtu kutoka moyoni.

Haya niambieni ukweli. Jumuiya zetu zinafikaje hatua ya saba? Tunaanza saa 12 na nusu asubuhi wakati tulisema 12 kamili, watu wana haraka ya kwenda kazini na sokoni, tunasali rozari, tunasoma Injili, wanaongea wawili watatu wale wale kila wiki, mwenyekiti anaangalia saa anasema basi ndugu zangu muda umekwenda, tupokee matangazo. Na matangazo ni nini? Mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadre, mchango wa jubilei, mchango wa harusi ya mtoto wa fulani, nani hajamaliza zaka. Yani hatua ya sita tumeiondoa tukaweka michango mahali pake, na mtu mgeni akija akakaa na sisi mwezi mzima ataondoka anaamini kwamba kazi ambayo Bwana ameipa jumuiya yetu ni kukusanya hela.

Sipingi michango. Kanisa hili tulilokaa ndani limejengwa na michango ya watu maskini na mimi najivunia hilo sana. Ila nawaambia kuna watu wameacha kuja jumuiya kwasababu ya aibu, aibu tu. Kuna mama mmoja, jina silitaji, mume alipoteza kazi na biashara yake ya mbogamboga ikawa inakwenda kwa kusuasua, sadaka ya jumuiya akawa hana, na kwenye ile jumuiya walikuwa na utaratibu wa kusoma majina ya wasiomaliza michango kwa sauti mbele ya watu wote. Jina lake likasomwa mara ya kwanza, likasomwa mara ya pili, ya tatu hakuja. Na akaonekana mlegevu wa imani! Alipokuja kutaka barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe akaambiwa mbona hatukuoni. Jamani mama huyo alikuwa anasali rozari kila usiku na watoto wake kwenye chumba kimoja, nimeiona mwenyewe ile picha ya Bikira Maria ukutani imebandikwa kwa selotepu, na siku nilipokwenda alinikaribisha akanipa stuli yenyewe moja waliyonayo yeye akakaa chini kwenye mkeka, akasema mama siku nyingi hakuna mtu wa jumuiya aliyeingia humu. Nilishindwa kumeza mate.

Kuhusu kusoma majina ya wadaiwa naomba leo tukubaliane mbele ya Padre kwamba inaisha. Mweka hazina amfuate mtu nyumbani kwake kwa heshima, na akikuta hali ni mbaya basi arudi na taarifa ya namna nyingine, kwamba huyu ndugu yetu anahitaji kusaidiwa. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa jambo la hivihivi, soma sura ya 11 ya waraka wa kwanza, walikuwa wanakusanyika kwa chakula cha Bwana lakini mmoja ana njaa na mwingine amelewa, akawauliza mnalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha hao wasio na kitu? Kuwatahayarisha wasio na kitu, neno hilohilo.

Kuna na wale ambao hata kwenye daftari hawamo. Dada wa kazi. Tunakwenda kusali kwenye nyumba ya ndugu yetu mwenye uwezo, geti linafunguliwa na binti, viti vinapangwa na binti, sisi tunaimba "njoo Roho Mtakatifu" yeye yuko jikoni anachemsha maziwa, tunamaliza anatupitishia chai, tunamwambia asante dada, tunaondoka. Hivi kuna aliyewahi kumuuliza jina lake la ubatizo? Huyo mtoto ametoka Iringa au Kigoma au Singida, mama yake amempa rozari akamwambia usiache kusali, na yuko kwenye nyumba ambayo jumuiya inasali sebuleni na hakuna hata mmoja aliyemwambia njoo ukae. Naomba sana kuanzia wiki hii, tukienda kusali kwenye nyumba yoyote tusianze mpaka kila Mkristo aliyemo humo amekaa kwenye kiti. Chai isubiri. Na tena hili la chai nalo lipunguzwe, maana kuna watu wanakataa zamu ya kusaliwa kwao kwa kuogopa gharama za chai na maandazi, tukienda kwa mtu tuje na Biblia na tuondoke na amani, maji ya kunywa yanatosha.

Wapangaji nao ni hivyohivyo. Kuna kijana wa bodaboda alikuwa anaishi chumba cha uani karibu kabisa na nyumba ya katibu wa jumuiya, akagongwa, mguu ukavunjika, akarudi na plasta akawa analala humo ndani mguu ameuweka juu ya kreti la soda, simu haina bando, chakula anapelekewa na fundi cherehani wa barabarani ambaye ni Mwislamu. Fundi ndiye aliyekuja kumwambia katibu kwamba huyu mwenzenu ana msalaba ukutani nadhani ni wa kwenu. Mungu ambariki sana yule fundi. Na jumuiya, niwape sifa yao, ilipojua iliamka vizuri, mmoja akachukua nguo za kufua, mwingine akawa anapeleka uji asubuhi akienda kazini, akina baba wawili wakambeba kwenye bajaji kwenda kliniki tarehe zilipofika, na Padre akampelekea Komunyo. Yule kijana sasa ndiye anayepita kuwaita watu wa zamu yake Alhamisi, na ukimsikia anavyosoma Injili utajua kabisa huyu mtu ameshaipokea kwa mikono ya watu kabla ya kuisoma kwenye karatasi. Lakini ni umbali gani uliokuwepo kati ya chumba chake na nyumba ya katibu? Ukuta mmoja.

Misibani sisi tuko vizuri na nasema hivyo kwa moyo wote, hakuna Mkristo hapa parokiani anayezikwa peke yake, turubai linafungwa, akina mama wa WAWATA, yani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wanapika, watu wanalala matanga. Ila tanga likishaanuliwa, ndugu wa mkoani wakipanda basi, yule mjane anabaki na sufuria za kukodi za kurudisha na kitanda ambacho upande mmoja hauna mtu. Hapo ndipo anapohitaji watu, wiki ya pili, mwezi wa pili, siku ile mwenye nyumba anapokuja kuuliza kodi. Nashauri kila jumuiya yenye msiba iweke kabisa zamu ya watu wawili wawili wa kupita kwa mfiwa kila wiki mpaka miezi mitatu, waende wasali naye, na akitaka kulia walie naye, Paulo aliwaambia Warumi waziwazi kwamba lieni pamoja nao waliao, hajasema tumeni mesej.

Na hapo kwenye mesej jamani. Magrupu ya watsapu yametusaidia, taarifa zinafika haraka, rambirambi zinachangwa haraka, mtu aliyehamia Mwanza au yuko Oman kikazi bado anasikia habari za nyumbani, sitaki kuyasema vibaya. Lakini mtu anaandika "nimelazwa niombeeni", zinashuka pole sitini na alama za mikono ya sala, kila mtu akiona wenzake wamejibu anahisi ameshahudhuria, na jioni saa ya kuona wagonjwa hakuna hata mmoja aliyesimama pale kitandani. Mwenyekiti, kazi yako mtu akiandika hivyo ni kujibu kwa majina mawili na saa, kwamba fulani na fulani wataenda leo saa 10 jioni. Hiyo ndiyo hatua ya sita hata ikiwa imefanyika kwenye simu.

Najua wapo wanaosema mama mimi nasali nyumbani, Mungu ananisikia, misa naangalia laivu kwenye yutubu, watu wa jumuiya wana majungu. Mgonjwa na mzee asiyeweza kutembea misa ya kwenye redio na televisheni ni neema kubwa kwao na tusiwanyime. Kwa mwenye miguu yake namkumbusha Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisarea ya Kapadokia karne ya nne, nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliulizwa hilohilo, je si afadhali mtu akae peke yake na Mungu wake, na yeye akawajibu kwa kuuliza kwamba Bwana aliosha miguu ya wanafunzi, sasa wewe unayeishi peke yako utamwosha nani miguu? Na hakuishia kwenye maneno, alijenga nje ya mji nyumba za kutunzia wagonjwa na maskini na wageni mpaka watu wakawa wanaona kama mji mpya umezaliwa.

Kuhusu majungu, ni kweli yapo. Hata Yerusalemu yalikuwepo tena kwenye Kanisa la mitume wenyewe, Matendo sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, yakatokea manung'uniko. Na mimi napenda sana mitume walivyofanya pale. Hawakusema hawa wanungunikaji wana roho mbaya, wala hawakusema tuwaombee tu. Waliita mkutano, watu wenyewe wakachagua saba wenye kushuhudiwa mema, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, yani kazi wakapewa watu wanaolijua lile tatizo kutoka ndani. Kwahiyo mtu akilalamika kwenye jumuiya yako msikilize vizuri kwanza, inawezekana analalamika kwasababu kuna mtu amesahaulika na yeye ndiye pekee aliyeona. Pia mtu akigombana na mwenzake msiache wiki tatu zipite, waendeeni kabla hawajaanza kusali jumuiya ya jirani.

Wenzetu Walutheri wa KKKT na Anglikana na makanisa mengine hapa mtaani nao wana jumuiya zao na ushirika wao wa nyumbani, na kwa kweli kuna mambo tunaweza kujifunza kwao. Ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 30 na kuja mpaka kwetu Kagera ulikwenda kwa njia hiyohiyo ya watu wachache kukaa nyumbani kwa mtu, kuungama makosa yao mbele ya wenzao, kusameheana, kulipa walichoiba, na nyimbo zao tunaziimba mpaka leo. Sisi kuungama tuna sakramenti yetu, lakini ule ukweli wa kumwambia ndugu yako usoni "nilikukosea nisamehe", huo hakuna mtu anayetuzuia.

Sasa namalizia kwa mambo ya kufanya maana Padre ameshaniangalia mara mbili.

Kila jumuiya ifungue daftari la pili, tofauti na lile la michango. Humo yaandikwe majina ya wasiokuja, wagonjwa, wajawazito waliokaribia, wanaotafuta kazi, wageni waliohamia, wapangaji, madada wa kazi na vijana wa vyuo. Pembeni ya kila jina liandikwe jina la mtu atakayekwenda na siku atakayokwenda. Wiki inayofuata kabla ya matangazo yoyote ya hela hilo daftari lisomwe na aliyekwenda aseme alikuta nini, yale ya kusemeka mbele ya watu, na yale ya siri abaki nayo au amwambie Padre. Kama muda ni mdogo punguzeni matangazo, na kama bado ni mdogo punguzeni rozari iwe makumi mawili, Mama Maria mwenyewe aliondoka kwa haraka kwenda milimani kwa Elizabeti akakaa naye kama miezi mitatu, hawezi kukasirika. Hatua ya sita isirukwe.

Katibu wa kanda ana karatasi zenye mistari tayari za kubandika kwenye hayo madaftari, chukueni kabla hamjaondoka, na jumuiya ambazo hazina hela ya daftari waniambie mimi. Mikutano ya Alhamisi hii tuanze nayo. Wenyeviti wa jumuiya za kule bondeni ambako maji yaliingia kwenye nyumba za watu naomba mbaki kidogo baada ya chai, tupange nani anakwenda kwa nani.